Oliver Lodge na Mitungi Miwili

Bila shaka umepata kumwona mtu akitafuta stesheni katika redio. Huzungusha kitufe polepole. Kwanza husikika mkwaruzo, kisha sauti mbili zilizochanganyika, halafu sauti moja iliyo safi. Wakati huo huo mawimbi ya stesheni nyingine yanapita chumbani humo. Mbona redio haizisemi zote kwa pamoja? Mmoja wa watu waliotupatia jibu ni Oliver Lodge.

Lodge alizaliwa mwaka 1851 huko Penkhull, Uingereza, penye viwanda vya vyombo vya udongo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa udongo huo. Alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule ili amsaidie baba yake. Lakini alipokwenda London alihudhuria mihadhara ya sayansi, na tangu hapo moyo wake haukutulia katika biashara. Mwaka 1881 akawa profesa wa fizikia mjini Liverpool.

Ili uelewe kazi yake, fanya jaribio hili. Funga uzi kati ya viti viwili. Ning'iniza juu yake mawe mawili yanayolingana, kila moja kwa uzi wake. Nyuzi hizo ziwe na urefu sawa. Sukuma jiwe moja. Baada ya muda utaona la pili linabembea, ingawa hukuligusa! Sasa fupisha uzi wa jiwe moja kwa nusu, ujaribu tena. Safari hii la pili litatikisika kidogo tu.

Mwaka 1889 Lodge alifanya jambo kama hilo kwa umeme. Alichukua mitungi miwili ya kioo iliyovikwa bati jembamba ndani na nje. Mitungi ya namna hiyo huhifadhi umeme. Kila mmoja aliuunganisha na mzingo wa waya. Alipoufanya mtungi wa kwanza utoe cheche, ule wa pili nao ukatoa cheche, wala hapakuwa na waya kati yao. Lakini ilikuwa lazima mizingo yote miwili ilingane. Aliposogeza kidogo waya wa mtungi wa pili, cheche yake ilikufa.

Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Mitambo ya kwanza ya kupeleka habari bila waya ilirusha mawimbi ovyo, na kila chombo kilichokuwa karibu kiliyapokea. Fikiri meli inazama na inaomba msaada, huku mitambo mingine kumi ikipiga kelele! Mwaka 1897 Lodge aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa njia yake ya kulinganisha mtambo unaorusha na ule unaopokea. Hakuwa na haraka ya kuifanyia biashara. Marconi ndiye aliyekuwa na haraka hiyo. Hata hivyo hataza ilirefushwa kwa miaka 7 mwaka 1911, na kisha kampuni ya Marconi ikalazimika kuinunua. Lodge alifariki mwaka 1940. Alikuwa na watoto 12, na wawili kati yao walitengeneza plagi za injini za magari: cheche nyingine tena!

Mitungi inatumika hata leo, ila ni ya chuma. Waendeshaji redio wa ridhaa, ambao hurusha sauti kwa kujifunza wala si kwa fedha, huweka kilimani mtambo unaopokea sauti dhaifu na papo hapo kuirusha kwa nguvu. Antena ni moja tu. Mtambo hurusha mitetemo kama 145,600,000 kwa sekunde na kupokea 145,000,000. Tofauti ni ndogo, na bila kizuizi mtambo ungejiziba masikio kwa kelele yake wenyewe. Kwa hiyo kati ya mtambo na antena huwekwa mitungi, mingine ikipitisha mawimbi yanayopokelewa na kuzuia yanayorushwa, mingine ikifanya kinyume chake.

Mara nyingi mitungi hiyo ilitengenezwa kwa redio za kazi nyingine, zenye mitetemo ya haraka zaidi. Ndani ya kila mtungi mna fimbo ya chuma. Fundi huirefusha, na mtungi huitikia mitetemo ya polepole zaidi, kama jiwe lenye uzi mrefu. Huisogeza kidogo kidogo huku akitazama kipimo. Akiisha kupata mahali pake, hukaza skrubu ili fimbo isisogee tena.