Lucille Ball: Waliomoka Pamoja Kwa TV, Ndoa Ikadedi Nyuma ya Kamera

Kama umewahi kucheka na kipindi cha TV chenye unasikia watu wakiangua kicheko huko nyuma, kuna dem mmoja wa nywele nyekundu unafaa kushukuru. Jina ni Lucille Ball. Alifariki 1989, kabla wengi wetu tuzaliwe, lakini stori yake ni moto kuliko hizi drama zote za maseleb mnafuata kila siku.

Ni stori ya mahaba na chapaa. Na ndani yake kuna ndoa mbili: moja ya skrini yenye kila mtu aliitamani, na ingine ya keja yenye ilikuwa inavuja.

Lucille alizaliwa Agosti 6, 1911, mji wa Jamestown, jimbo la New York. Budake alikuwa fundi wa laini za simu. Homa ya matumbo ilimbeba 1915, Lucille akiwa na miaka 3 tu na mathe akiwa na ball ya kaka yake.

Akiwa tineja, mathe alijikaza akampeleka shule ya uigizaji New York City. Huko staa wa darasa alikuwa Bette Davis, yule yule mwenye alikuja kuwa jina kubwa Hollywood. Lucille alikuwa mwoga mpaka walimu wakaambia mathe aache kupoteza pesa. Akarudi home. Kama na wewe uliwahi kurudi kwa wazazi na begi bila cheti, unajua hiyo safari inavyokuwa ndefu.

Lakini dem hakukubali kulala. Alirudi New York, akahustle kama modo wa nguo, na 1933 akafika Hollywood kama mmoja wa warembo wa kupamba filamu ya Roman Scandals. Miaka ya 30 ilimwishia hivyo: viroli vidogo, filamu za bajeti ndogo, nyingi kwa studio ya RKO. Kumbuka hiyo jina, RKO, tutairudia.

1940 ndio moto uliwaka. Akiwa kwa filamu ya Too Many Girls alikutana na Desi Arnaz, msee wa Cuba mwenye alikuwa anaimba na kupiga ngoma. Desi hakuwa mtoto wa mtaa hivi hivi. Budake alikuwa meya wa Santiago de Cuba, lakini mapinduzi ya 1933 yalimwangusha, akatupwa jela na familia ikapoteza kila kitu. Desi alifika Miami akiwa hana kitu, akaanza upya na muziki.

Walipendana mbio mbio. Novemba 30 mwaka huo huo walifunga ndoa. Lucille alikuwa na miaka 29, Desi 23. Ndio, dem alimzidi miaka karibu sita, na wakati huo watu walibonga sana.

Shida ilianza mapema. Desi alikuwa barabarani na bendi, Lucille yuko seti. Desi alipenda chupa, na warembo hawakumpita. 1944 Lucille alifika kortini kuomba talaka, kisha wakarudiana.

Sasa skiza vile TV iliingia. 1948 Lucille alianza kipindi cha redio kwa CBS, akiigiza mke mwenye vituko. Kilishika. CBS wakataka kukihamisha kwa TV. Lucille akakubali na sharti moja: mume wa kipindi awe mume wake wa ukweli. Kwa akili yake, wakifanya kazi pamoja Desi atalala nyumbani na ndoa itapona.

CBS wakakataa. Waliona Wamarekani hawatakubali dem wao ameolewa na Mcuba mwenye Kiingereza cha lafudhi nzito. Wawili hao hawakubishana sana. 1950 waliunda shoo yao, wakazunguka nayo kwa majukwaa, na watu wakacheka mpaka basi. CBS wakanyamaza.

I Love Lucy ilianza Oktoba 15, 1951. Ploti ni rahisi. Ricky Ricardo ni kiongozi wa bendi ya klabu. Lucy mkewe anataka sana kuingia kwa shoo na hana kipaji. Landlodi wao, Fred na Ethel Mertz, wanavutwa kwa kila balaa. Ndoa mbili, ploti moja, vurugu kila wiki.

Nyuma ya kamera mambo yalikuwa kinyume. Vivian Vance na William Frawley, wenye waliigiza kina Mertz, hawakuwa wanapatana kabisa. Frawley alimzidi Vance miaka 22, na Vance aliona ni matusi kupewa mume mwenye angekuwa budake. Lakini kamera ikiwaka, walikuwa wazee wa kuchekesha wa ploti.

Hapa ndio Desi alionyesha yeye si mrembo wa gitaa tu. Wakati huo vipindi vingi vilienda laivu kutoka New York, na sehemu zingine za nchi ziliona kopi mbovu. Lucille na Desi walitaka kubaki California na kurekodi kwa filamu safi, kamera tatu, mbele ya watu wa kucheka laivu. Hiyo ilikuwa gharama. Desi akasema sawa, tukateni dola 1,000 kwa mshahara wa kila wiki, lakini hizo filamu ziwe zetu.

CBS walikubali bila kufikiria. Nani atataka kuona kipindi mara ya pili? Miaka michache baadaye walilazimika kununua hizo filamu kwa mamilioni ya dola ndio wazirudie hewani. Kama unatengeneza kazi yoyote ya kurekodi, soma hii aya tena.

Januari 19, 1953, Lucille alijifungua mtoto wa pili, Desi Junior. Usiku huo huo, Lucy wa TV naye alijifungua. Watu kama milioni 44 waliangalia, kuliko wenye waliona Rais Eisenhower akiapishwa kesho yake. Na kwa hiyo stori yote neno la mimba halikuruhusiwa kutajwa hewani.

1954 walitoa filamu ya mapenzi na vichekesho, The Long, Long Trailer, ya maharusi wanaovuta nyumba ya magurudumu hadi inakaribia kuwaua. MGM waliogopa watu hawatalipa kuona wenye wanawaona bure nyumbani. Walilipa.

Kampuni yao, Desilu, ilikua mpaka 1957 wakanunua studio za RKO. Ile RKO. Dem wa viroli vidogo sasa ndiye alikuwa na funguo za geti.

Lakini kazi ilimmaliza Desi. Presha ilipanda, chupa ikapanda nayo. Machi 2, 1960 walirekodi episodi yao ya mwisho pamoja, ikaishia na busu. Kesho yake Lucille alipeleka karatasi za talaka.

Kila mmoja akaoa upya: Lucille na mchekeshaji Gary Morton 1961, Desi na Edith Hirsch 1963. Mwisho wa 1962 Lucille alinunua hisa za Desi kwa dola milioni 2.5, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya TV Hollywood. Chini yake zilitoka Star Trek na Mission: Impossible, na 1967 akauza kampuni kwa dola milioni 17.

Hawakuchukiana. Waliendelea kupigiana simu hadi uzeeni. Desi alifariki kwa saratani ya mapafu Desemba 2, 1986. Siku tano tu baadaye, Lucille alikuwa Washington akipewa heshima kubwa ya sanaa ya Marekani. Muigizaji mmoja alisimama akasoma maneno yenye Desi alikuwa ameandika kumhusu kabla afe. Lucille alijikaza, lakini machozi yalimshinda.

Alifariki Aprili 26, 1989, akiwa na miaka 77. Alianzisha kipindi ndio aokoe ndoa. Ndoa ilienda, kipindi bado kinachekesha watu hadi leo.