Utoto wa Mbaruk bin Rashid wa Gazi

Wazee wa pwani wamtajapo Mbaruk bin Rashid, huanza na vita vyake, jinsi alivyopigana na Masultani wa Unguja na mwisho na Waingereza. Sisi twataka kuanza na utoto wake, maana vita vile shina lake liko huko. Gazi si mbali sana na nchi yetu: mtu akishuka kutoka Bendera mpaka Tanga, kisha akafuata pwani kwenda kaskazini na kuvuka mpaka wa Kenya, ataufikia mji huo kabla ya Mombasa.

Mbaruk alikuwa wa ukoo wa Mazrui, Waarabu wa asili ya Oman walioitawala Mombasa karibu miaka mia. Makao ya enzi yao yalikuwa katika ile ngome kubwa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Seyyid Said bin Sultan alikuja mara kadhaa na merikebu na mizinga yake, asiweze kuwaondoa. Lakini liwali Salim bin Ahmad alipokufa mwaka wa 1835, ndugu wakagombea cheo, na watu wa mji wakagawanyika. Hapo Seyyid akapata mlango. Yaliyoshindikana kwa baruti yaliwezekana kwa fitina ya nyumbani.

Mwaka wa 1837 Mombasa ikawa mikononi mwake. Baba yake Mbaruk, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa ukoo ule. Basi Khalid, mwana wa Seyyid, akawaita wakubwa wa Mazrui kana kwamba ni kwa amani. Walipokwenda wakakamatwa, watu wapata ishirini na watano, Rashid akiwa mmojawapo, wakatiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas katika pwani ya Uajemi. Wakafia huko.

Mbaruk alikuwa mtoto bado. Waliosalia wa ukoo wake wakatawanyika makundi mawili: hawa wakaenda Takaungu, upande wa kaskazini, na hawa Gazi, upande wa kusini, na mji waliopokonywa ukawa katikati yao. Mbaruk akakulia Gazi, penye mikoko na minazi, jirani na Wadigo. Alikuwa mwana wa liwali asiye na mji, na aliyeukalia mji wa baba yake ndiye aliyempoteza baba yake. Dr. Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, alipokewa na liwali wa Seyyid. Kijana huyu alikuwa upande wa pili wa maji, akikua.

Wengine humwita mwasi, basi wakanyamaza. Hatumsifu, kwa kuwa vita vyake viliwaletea wengi njaa na kifo, na watumwa hawakukosekana katika jeshi lake. Lakini mtu ambaye baba yake alinaswa kwa mwaliko wa amani, mapatano ya Unguja angeyaamini kwa lipi?

Akawa mkuu wa Gazi, akaasi, akapatana, akaasi tena. Mwezi wa Agosti 1895 Waingereza waliiteka ngome yake ya Mwele, na Aprili 1896 akavuka mpaka, akajitia mikononi mwa Wajerumani. Wakamweka Dar es Salaam, naye akafa huko mwaka wa 1910, mbali na Mombasa, kama baba yake.