Einstein Alipokaa kwa Watu

Ile picha ya mzee mwenye nywele zilizosimama kama amepigwa na stima, unaijua. Iko kwenye fulana, iko kwenye ukuta wa saiba, iko kwenye jalada la daftari. Ukitaja tu Albert Einstein, kila msee anawaza hesabu ngumu na ubao uliojaa chaki.

Huyo mzee mwache ukutani kwanza. Leo nataka ukutane na kijana wa miaka 16. Hana cheti cha shule. Ameanguka mtihani wa kuingia chuo. Biashara ya babake imekufa. Sasa anashuka kwenye mji mdogo wa nchi ya kigeni kwenda kuishi na familia ambayo si yake. Huyo ndiye Einstein wa mwaka 1895. Na kama umewahi kukaa kwa watu ili usome, iwe ni kwa shangazi kule Umoja au kwa wenyeji ng'ambo, utamwelewa mapema.

Tuanze na jinsi alivyofika pale.

Albert alizaliwa Machi 14, 1879, mjini Ulm, kusini mwa Ujerumani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Munich, na babake, Hermann, akaungana na ndugu yake Jakob kwenye kampuni ya vifaa vya umeme. Wakati huo taa za umeme zilikuwa kitu kipya mjini, na mwanzoni kazi ilikwenda fiti. Kisha kampuni kubwa zenye chapaa ndefu zikaingia sokoni. Zabuni ya kuweka taa za jiji la Munich ikawaponyoka, na kufikia mwaka 1894 kampuni ilikuwa imefika mwisho. Familia ikafunga virago kwenda kujaribu tena kaskazini mwa Italia.

Albert hakwenda nao. Aliachwa Munich amalize shule.

Jiweke kwenye viatu vyake. Una miaka 15, wazazi na dada yako mdogo wako nchi nyingine, na shule yenyewe inaendeshwa kama kambi ya askari. Unakariri, unasimama wima, unajibu ukiulizwa. Mbele yako kuna jeshi lenyewe likikusubiri, kwa sababu kijana wa Kijerumani alilazimika kulitumikia. Jamaa alivumilia miezi michache tu. Desemba 1894 alipata barua ya daktari ikisema neva zake zimechoka, na nyingine ya mwalimu wa hisabati ikishuhudia kwamba kwenye somo hilo yuko mbele ya wenzake. Akapanda treni hadi Italia. Wazazi wake hawakuwa wakimtarajia.

Kwa lugha ya mtaani, alihepa. Aliacha shule.

Sasa kuna ile stori inayozunguka kila mahali, ati Einstein alifeli hesabu. Wacha tuizike hapa hapa. Oktoba 1895 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, nchini Uswisi. Umri wa kawaida wa kuingia ulikuwa miaka 18. Yeye alikuwa na 16. Hesabu na fizikia alizipasua vizuri sana. Kilichomwangusha ni masomo mengine, Kifaransa kikiwemo. Mkuu wa chuo, Albin Herzog, hakumfukuza. Alimshauri aende kumaliza sekondari katika shule ya jimbo mjini Aarau, kisha arudi mwaka unaofuata.

Aarau ni mji mdogo kando ya mto Aare, kama kilomita 40 magharibi mwa Zurich. Ilibidi atafutiwe mahali pa kulala na kula kwa malipo, na alipopatiwa ni nyumbani kwa Jost Winteler, mmoja wa walimu wa shule ile ile. Mzee Jost alikuwa mtaalamu wa lugha na mpenzi mkubwa wa ndege wa porini. Mkewe aliitwa Pauline, jina lile lile la mama mzazi wa Albert. Walikuwa na watoto saba. Ongeza wazazi wawili na mgeni mmoja, wakiwa wote nyumbani hapo ni watu kumi mezani.

Wewe unajua kukaa kwa watu kulivyo. Unatembea kwa vidole. Hufungui jokofu bila kuangalia nyuma. Unakula haraka, unacheka kidogo, na kila ukichelewa kurudi unahesabu maneno utakayoambiwa mlangoni. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wenye nyumba wengine hawangoji hiyo ya tatu.

Kwa akina Winteler mambo yalikuwa tofauti. Baada ya muda mfupi Albert alikuwa akiwaita baba na mama. Mezani watu walizungumza na kubishana, vijana kwa wazee, kuhusu vitabu na siasa. Mzee Jost hakupenda hata kidogo majigambo ya kijeshi yaliyokuwa yakikua Ujerumani, na alisema hivyo bila kuficha. Siku za mapumziko aliwaongoza watoto wake na wanafunzi kwenye matembezi marefu, akiwaonyesha ndege njiani. Jioni kulikuwa na muziki. Albert alipiga fidla na Marie, mmoja wa mabinti wa nyumba, alipiga piano.

Angalia tofauti hapo. Kule Munich, kijana aliyeuliza maswali alionekana mkaidi. Hapa, kuuliza ndiyo yalikuwa mazungumzo ya chakula cha jioni.

Shule nayo ilifanana na nyumba. Ilifuata mawazo ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu wa Kiswisi aliyefariki mwaka 1827, aliyeamini kwamba mtoto aanze kwa kuona na kushika vitu, kisha afikie wazo kwa akili yake mwenyewe. Mambo ya kumeza na kutema siku ya mtihani hayakuwa na nafasi kubwa. Ni katika mwaka huo wa Aarau ambapo Albert alijiuliza swali moja la ajabu: je, ukikimbia kando ya mwali wa nuru, kwa kasi ile ile ya nuru, utauona umesimama?

Swali hilo si gumu kulielewa. Uko kwenye matatu Thika Road, na matatu nyingine iko ubavuni mwako kwa kasi sawa na yenu. Ukiichungulia dirishani, ni kama haisogei. Albert alitaka kujua kama nuru nayo ingefanya hivyo, na jambo hilo lilimkalia kichwani miaka kumi. Mwaka 1905, akiwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alitoa jibu. Huwezi kuiona nuru imesimama, ukimbie utakavyokimbia. Kasi yake inabaki ile ile kwa kila anayeipima. Kinachobadilika ni muda na umbali. Hiyo ndiyo nadharia maalumu ya uhusianifu, na mbegu yake ilipandwa na mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa akilala kwenye nyumba ya mwalimu.

Kuna jambo jingine alilofanya akiwa pale, na si dogo. Januari 1896, kwa ombi lililopitia kwa babake, aliachana na uraia wa Ujerumani. Hakutaka jeshi lile limshike. Lakini Uswisi ilimpa uraia mwaka 1901 tu. Kwa miaka mitano hivi kijana huyu hakuwa raia wa nchi yoyote duniani. Hakuwa na bendera wala serikali ya kumwita wake. Ukifikiria hivyo, utaona meza ile ya watu kumi ilikuwa na uzito gani kwake.

Septemba 1896 alifanya mtihani wa kumaliza. Uswisi alama ya juu kabisa ilikuwa 6. Alipata 6 kwenye aljebra, jiometri, fizikia na historia, na Kifaransa kikambakisha kwenye 3. Kwenye insha yake ya Kifaransa, iliyojaa makosa, alieleza kwamba angependa kusoma hisabati na fizikia Zurich na kuwa mwalimu. Mwezi uliofuata chuo kilimfungulia mlango bila mtihani mwingine.

Ingekuwa rahisi niishie hapo, tupige makofi, kila mtu aende zake. Lakini huyu jamaa hakuwa malaika, na ukikaa kwa watu kuna deni unaloondoka nalo.

Yeye na Marie walikuwa wamependana. Marie alimzidi miaka miwili na alikuwa amesomea ualimu. Albert alipohamia Zurich, Marie naye akaenda kufundisha watoto kijijini, na barua zikawa zinapita katikati. Si barua tu. Kijana alikuwa akifungasha nguo zake chafu na kumtumia Marie kwa posta, Marie anazifua na kuzirudisha. Ndiyo, umesoma vizuri. Kichwa kilichokuwa kikikimbizana na nuru hakikuweza kufua shati.

Halafu polepole akapoa. Chuoni alikutana na Mileva Marić, mwanafunzi mwenzake wa fizikia, ambaye alimwoa mwaka 1903. Marie aliumia sana. Mwaka 1897, mama wa nyumba alipomkaribisha tena Aarau, Albert alimjibu kwamba hangekuja, kwa sababu alijua amemtia bintiye uchungu na hakustahili kujiburudisha juu ya uchungu huo. Angalau alikuwa na haya. Lakini machozi ya Marie hayakukaushwa na barua ya kistaarabu, na mimi sitamwombea msamaha Einstein kwa sababu tu alikuja kuwa Einstein.

Cha ajabu ni kwamba familia haikumfungia mlango. Anna, dada ya Marie, aliolewa mwaka 1898 na Michele Besso, rafiki wa Albert kutoka Zurich. Besso huyo ndiye mtu pekee ambaye Einstein alimshukuru kwa jina mwishoni mwa makala yake ya uhusianifu ya 1905. Na mwaka 1910 Maja, dada wa Albert, aliolewa na Paul, mwana wa nyumba ile ile. Kijana aliyekuja kama mpangaji wa mwaka mmoja akaishia kuwa shemeji.

Msiba nao waliuonja. Novemba 1906, Julius, mwana mwingine wa nyumba, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani akiwa mgonjwa wa akili, alimpiga mamake risasi akafa, akamuua pia mume wa dada yake, kisha akajiua. Yule mama aliyempakulia chakula kijana wa watu na kumwita mwanawe, akafa hivyo, nyumbani kwake. Einstein alimwandikia mzee Jost barua ya pole.

Mzee mwenyewe aliishi hadi mwaka 1929. Miaka minne baadaye Wanazi walichukua Ujerumani, na Einstein, ambaye kwa wakati huo alikuwa jina la dunia nzima na Myahudi aliyewindwa, akaihama Ulaya asirudi tena. Katika miaka hiyo ya uhamisho alikumbuka kwamba mzee wa Aarau alikuwa ameona mapema hatari ya siasa za Ujerumani. Maneno ya mezani ya mwaka 1895 yalikuwa bado kichwani, zaidi ya miaka thelathini baadaye.

Sasa, nikwambie kwa nini nimekuletea hii stori. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kila ukiacha chuo kuna mtu atakurushia jina la Einstein kama pipi: usijali, hata yeye aliacha shule. Wahamasishaji wa mitandaoni wanaipenda sana hiyo. Wanachoruka ni sehemu ya pili. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akarudi darasani akiwa na miaka 16, na katikati kulikuwa na watu. Mkuu wa chuo aliyemwelekeza badala ya kumcheka. Mwalimu aliyempa kitanda. Mama aliyempa sahani. Binti aliyefua nguo zake na hakulipwa vizuri.

Akili alizaliwa nazo, hilo sikatai. Lakini akili hizo hizo zilikuwa Munich, na Munich zilikuwa zinakauka.

Kwa hivyo kama sasa hivi unaishi kwa watu, osha vyombo, fua nguo zako mwenyewe, na usicheze na moyo wa mtoto wa watu. Kama kwenu ndiko anakokaa binamu kutoka ushago, yule anayelala kwenye kochi na kuamka kabla ya kila mtu, muulize leo mezani anafikiria nini. Mwache aongee hadi amalize. Na kama ulishakaa kwa watu ukaondoka, simu unayo. Mama yule bado anauliza habari zako.