Erich Korngold: filamu ilimwokoa, kisha ikamharibia jina

Mwezi wa pili mwaka 1938, mtunzi wa muziki Erich Wolfgang Korngold alionyeshwa huko Hollywood, Marekani, filamu mpya ya Robin Hood ambayo ilikuwa bado haijatiwa muziki. Alipomaliza kuitazama akakataa kazi. Aliona ni filamu ya mapigano tu, na yeye alijihesabu kuwa mtunzi wa mambo ya moyo. Alikuwa amevuka bahari kutoka Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa ajili ya kazi hiyo, na sasa alikuwa tayari kurudi alikotoka. Korngold alikuwa Myahudi, na kurudi kulikuwa hatari kuliko alivyofikiri.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 mjini Brno, katika inchi inayoitwa leo Cheki, wakati ule ikiwa chini ya kaizari wa Austria. Jina la Wolfgang alipewa kwa heshima ya Mozart. Baba yake, Julius, alikuwa mchambuzi wa muziki katika gazeti Neue Freie Presse la Vienna, na kalamu yake iliogopwa na wanamuziki wengi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi, baba alimpeleka kwa Gustav Mahler, mwanamuziki mkubwa kabisa wa mji ule. Kijana akapiga kwenye piano kazi aliyoitunga mwenyewe. Mahler alishangaa, akasema mtoto huyu ana kipaji kisicho cha kawaida, na kwamba afundishwe na Alexander Zemlinsky.

Mwaka 1910, Korngold akiwa na miaka 13, baleti yake Der Schneemann ilichezwa katika Opera ya Vienna. Kukatokea fununu kwamba baba ndiye anayeandika, mtoto anatia jina tu. Kazi zilizofuata zilizima maneno hayo. Tarehe 4 Desemba 1920 opera yake Die tote Stadt, hadithi ya mwanaume asiyekubali kumwacha bibi yake aliyekufa, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika miji miwili ya Ujerumani siku moja, Hamburg na Cologne. Mtunzi alikuwa na miaka 23. Katika miaka iliyofuata, kati ya watunzi wa opera wa lugha ya Kijerumani ni wachache waliojulikana kama yeye.

Hollywood ilimpata mwaka 1934, na haikuwa kwa kutafuta. Max Reinhardt, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, alimwita akapange muziki wa Mendelssohn kwa filamu ya A Midsummer Night's Dream. Kampuni ya Warner Bros. ikamwona, haikutaka kumwacha. Mwaka 1935 aliandika muziki wa Captain Blood, filamu iliyompa umaarufu Errol Flynn, na kazi hiyo kubwa aliimaliza kwa majuma machache. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi: filamu ikionyeshwa, yeye anakaa kwenye piano, anatunga huku akitazama wachezaji. Kwake filamu ilikuwa opera isiyo na waimbaji. Aliandika chini ya sauti ya mtu anayesema kama vile angemwandikia mwimbaji, orkestra ikipanda na kushuka pamoja na maneno. Ndiyo sababu ukiusikiliza leo muziki wake bila picha, bado unasimama wenyewe. Si muziki wote wa sinema unaoweza hivyo.

Turudi mwaka 1938. Tarehe 12 Februari, kansela wa Austria, Schuschnigg, aliitwa mbele ya Hitler huko Berchtesgaden akatishwa. Habari ilipofika Hollywood, Korngold alielewa. Akakubali kazi ya Robin Hood, lakini kwa sharti la kulipwa juma kwa juma, ili aweze kuiacha kama itamshinda. Mwezi uliofuata jeshi la Hitler liliingia Austria. Wazazi wake na mtoto wake mmoja, waliokuwa wamebaki Vienna, walifaulu kutoka. Nyumba ilinyang'anywa. Opera yake mpya, Die Kathrin, ambayo ilikuwa ionyeshwe Vienna, haikuonyeshwa. Muziki wa Robin Hood ukapata Oscar, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba filamu hiyo iliokoa maisha yake.

Miaka yote ya vita aliandikia sinema, karibu kuacha kabisa muziki wa jukwaani. The Sea Hawk ni ya mwaka 1940, Kings Row ya mwaka 1942. Mwaka 1943 alipata uraia wa Marekani. Vita vilipokwisha alitaka kurudi kwenye kazi aliyoiita yake ya kweli. Konserto yake ya violini, iliyojengwa juu ya tuni za filamu zake, ilipigwa na Jascha Heifetz mjini St. Louis mwaka 1947. Watu walipiga makofi, lakini wachambuzi wa New York waliidharau: kwao ilikuwa muziki wa Hollywood, basi.

Mwaka 1949 alirudi Vienna. Hapa ndipo penye uchungu kuliko pote katika habari yake. Mji ulikuwa umebomolewa, na masikio ya wanamuziki yalikuwa yamegeukia mitindo mingine. Die Kathrin ilionyeshwa hatimaye mwaka 1950, ikashindwa. Simfonia yake, aliyoitoa kwa ukumbusho wa rais Roosevelt, ilipigwa katika radio ya Vienna mwaka 1954 bila matayarisho ya kutosha. Marekani alihesabiwa mtu wa zamani wa Ulaya, Ulaya akahesabiwa mtu wa sinema.

Alikufa Los Angeles tarehe 29 Novemba 1957, akiwa na miaka 60. Mwaka 1972, mtoto wake Georg alisimamia sahani ya muziki iliyokusanya kazi za baba yake za filamu, na watu wakaanza kununua. Leo konserto ile ya violini hupigwa na orkestra kubwa sehemu nyingi za dunia.