Tarishi aliyejenga kasri kwa toroli

Sisi tunaoishi karibu na mpaka tunalijua toroli kwa kazi moja: kuvusha magunia asubuhi na kurudi na bidhaa nyingine jioni. Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyesukuma toroli miaka mingi bila kuuza alichobeba.

Jina lake ni Ferdinand Cheval. Alizaliwa mwaka 1836 katika familia ya wakulima, mkoa wa Drôme, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Shule aliisoma kidogo tu. Alijifunza kuoka mikate, na mwaka 1867 akaajiriwa kuwa tarishi wa posta. Kila siku alitembea kwa miguu kiasi cha kilomita 30 kugawa barua vijijini.

Njia ilikuwa ndefu na hakuwa na wa kuzungumza naye, basi akawa anajenga kasri kichwani mwake. Kadi na majarida aliyowapelekea watu yalikuwa na picha za majumba ya nchi za mbali, naye akizitazama.

Mwezi Aprili 1879, akiwa na umri wa miaka 43, alijikwaa kwenye jiwe nusura aanguke. Alipoliinua aliona lina umbo la ajabu, akalitia mfukoni. Kesho yake alirudi pale pale, akakuta mengine mazuri zaidi. Akaona kwamba kama maumbile yameweza kuchonga, yeye naye ataweza kuwa mwashi.

Mwanzo alibeba mawe mifukoni, halafu kwenye vikapu, mwishowe kwa toroli. Mchana aligawa barua huku akiyakusanya mawe mafungu mafungu kando ya njia. Jioni alirudi kuyachukua, na usiku akajenga kwa mwanga wa taa, kwa chokaa na saruji. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Majirani zake wa kijiji cha Hauterives walisema amerukwa na akili.

Mwaka huo huo wa 1879 alizaliwa binti yake, Alice. Mtoto huyo alifariki mwaka 1894, akiwa na miaka 15 tu. Cheval aliendelea kujenga. Sisi tuliozika watu wetu ugenini tunajua kwamba msiba huhitaji kazi ya mikono, la sivyo utakumaliza.

Kasri lilikamilika mwaka 1912, baada ya miaka 33. Lina urefu wa mita 26. Humo mna wanyama wa kila aina, hekalu la Kihindi, msikiti, nyumba ya Uswisi na majitu matatu yanayolinda ukuta mmoja. Toroli nalo alilitengea mahali pake pa heshima. Hakuna aliyepata kuishi ndani. Wageni walipoanza kuja kutazama alipata senti kidogo, lakini zilikuja baada ya kazi, wala si kwa ajili yake alianza.

Alitaka azikwe humo, sheria ikamkatalia. Mzee huyo hakugombana na mtu. Alichukua tena mawe yake akajenga kaburi katika makaburi ya kijiji, kazi iliyomchukua miaka minane hadi 1922. Alifariki Agosti 1924 akiwa na miaka 88, akazikwa humo.

Wasanii wakubwa kama André Breton na Pablo Picasso walifika kuliona kasri hilo. Mwaka 1969, ingawa baadhi ya maofisa waliliona ni takataka, Waziri wa Utamaduni André Malraux aliliweka katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa.

Tuliporudi nyumbani kutoka ukimbizini tulianza upya kwa mikono mitupu, na tangu hapo kila kitu tunakiuliza bei. Sitawalaumu wafanyabiashara wenzetu, maana watoto lazima wale. Ila darasani kwangu yuko mvulana anayechora ndege nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa nikimgombeza kwa kuharibu karatasi, na kumwuliza ndege hao atamwuzia nani. Siku hizi nimemwachia kurasa za mwisho.