Freddie Green: Gitaa lisilosikika lililobeba bendi nzima

Wapenzi wa muziki wa jazi humkumbuka Count Basie kwa piano yake na Lester Young kwa saksafoni. Jina la Freddie Green hutajwa mwishomwisho, pengine lisitajwe kabisa. Hata hivyo, ni yeye aliyeketi katika bendi ya Basie kwa karibu nusu karne, gitaa mapajani, akipiga moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena, bila kudai nafasi ya kutamba mbele ya hadhira.

Green alizaliwa Machi 31, 1911 mjini Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani. Alianza na banjo kabla ya kushika gitaa, na rafiki wa babake aliyeitwa Sam Walker ndiye aliyemfundisha kusoma noti. Wazazi wake walipofariki, alihamia New York kuishi na shangazi yake. Huko alitengeneza viti na makochi mchana, na usiku akapiga muziki vilabuni.

Mnamo 1937, mwinda vipaji John Hammond alimsikia katika klabu ya Black Cat, akampeleka kwa Basie. Kijana huyo alichukua nafasi ya Claude Williams, aliyekuwa akipiga gitaa na fidla. Basie akiwa kwenye piano, Walter Page kwenye besi na Jo Jones kwenye ngoma, Green alikamilisha kikosi cha watu wanne ambacho bendi nyingi za enzi hizo zilikionea kijicho.

Siku hizo gitaa la umeme lilikuwa ndio kwanza linashika kasi, na Charlie Christian alikuwa akiwaonyesha wenzake kwamba chombo hicho chaweza kushindana na tarumbeta. Green naye akaingiwa na tamaa. Inasimuliwa kwamba kila alipoleta kipaza sauti chake jukwaani, wenzake walikiharibu kisirisiri, leo waya umechomolewa, kesho kifaa hakiwaki. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa wamegundua kwamba kila alipoacha ridhimu ili apige solo, bendi nzima ilipwaya. Hatimaye alisalimu amri, na tangu hapo solo zake zilizorekodiwa ni za kuhesabika kwa vidole.

Ni hasara kwa msanii kunyimwa sauti yake mwenyewe? Huenda. Lakini kilichofuata ni ustadi ambao wanafunzi wa gitaa wanauchambua hadi leo. Anayejifunza nyimbo maarufu za jazi kwa kawaida hukimbilia kubana nyuzi zote sita na kurundika noti nyingi kadiri vidole vinavyoweza. Green alikwenda kinyume. Aliweka nyuzi juu, mbali na shingo ya gitaa, ili mlio uwe mkavu na wenye nguvu bila umeme. Mkono wa kushoto ulishika noti tatu, lakini vidole vilizilegeza baadhi ya nyuzi hivi kwamba mara nyingi ni noti moja tu, ya katikati, iliyolia waziwazi. Nyingine zilibaki kama mkwaruzo wa ngoma. Kwa kuibadilisha noti hiyo karibu katika kila pigo, aliushona wimbo mwingine chini ya wimbo, haukugombana na besi wala piano. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wenye masikio ya kawaida hawakumsikia, lakini asipokuwapo walijua kuna kitu kimepungua.

Basie mwenyewe alikaribia kusahau hilo. Mwaka wa 1950, hali ya fedha ilipokuwa mbaya, alivunja bendi kubwa na kubaki na kikundi kidogo ambacho hakikuwa na nafasi ya gitaa. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba Green hakungoja kuitwa. Usiku mmoja alitokea na gitaa lake, akaketi na kuanza kupiga. Hakuna aliyemfukuza. Basie alipounda upya bendi kubwa mwaka wa 1952, mpiga gitaa huyo alikuwa tayari kitini.

Green pia alikuwa mtunzi. Kibao chake Corner Pocket kilirekodiwa na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1950, baadaye kikatiwa maneno na kuimbwa kwa jina Until I Met You.

Basie alifariki mwaka wa 1984. Green alibaki, akiwatumikia Thad Jones na kisha Frank Foster walioiongoza bendi baada yake. Machi 1, 1987 mjini Las Vegas, baada ya kumaliza onyesho, alipatwa na mshtuko wa moyo na kufariki akiwa na umri wa miaka 75.