Auguste Rodin Mlangoni mwa Chuo cha Sanaa

Auguste Rodin alizaliwa Paris, Ufaransa, mnamo 1840. Akiwa na umri wa miaka 14 alijiunga na shule ya uchoraji ambako mwalimu Lecoq de Boisbaudran aliwafunza vijana kuchora kwa kukumbuka. Mnamo 1857 aliomba nafasi katika École des Beaux-Arts. Michoro yake ilikubaliwa. Sanamu yake ya udongo ikakataliwa. Akajaribu tena, na tena, asifue dafu. Kosa, kama kweli lilikuwa kosa, ni kwamba watahini walienzi mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ilhali yeye alilelewa katika ule wa karne ya 18. Akawa kibarua wa kufinyanga mapambo ya majengo. Mnamo 1877 alionyesha sanamu ya mwanamume iliyofanana mno na mtu hai, hata akashutumiwa kuwa aliitoa kwa kalibu ya mwili wenyewe. Mnamo 1880 serikali ikainunua.